Kiti cha Kushoto

Kiti cha kushoto kilikuwa na joto, na hakuna mtu aliyekuwa amekikalia tangu asubuhi.

Boaz alikiwekea mkono mara ya pili ili ahakikishe. Ngozi ya kiti ilikuwa na joto la mwili, kama godoro ambalo mtu ameliacha sasa hivi. Akajiambia ni jua. Lakini jua la Aprili, mwaka ule wa 1955, lilikuwa halijaonekana Ruiru tangu Jumapili, na bati lote la gari lilikuwa baridi. Akafunga mlango, akaenda kumwita mkewe aje aone alichokileta.

Boaz alikuwa Mragoli aliyejifunza udereva jeshini, kule Burma. Aliporudi kutoka vitani alinunua lori kuukuu la jeshi, na kwa miaka minane lori hilo lilibeba unga, chumvi na mafuta ya taa kutoka maghala ya Thika hadi maduka ya vijijini upande wa Gatundu. Lori hilo ndilo lililomlisha yeye na mkewe Selpha katika nyumba yao ya vyumba viwili karibu na stesheni ya Ruiru, na ndilo lililomsomesha binti yao Kageha, aliyekaa na nyanya yake kule Maragoli. Sasa meno ya gia yalikuwa yamelika na springi zimevunjika. Masika yalipoanza lilikwama matopeni mara tatu katika wiki moja. Mara ya tatu lilivutwa hadi gereji ya fundi Mulei, Thika, likaachwa pale tumbo wazi.

Ndipo dalali mmoja wa Thika akamwonyesha Landrova. Haikuwa imefikisha miaka mitatu. Ilikuwa ya Mzungu mpima ardhi aliyerudi kwao, na magurudumu yake yote manne yalisukuma.

“Kaa nayo mpaka Jumamosi,” dalali alisema. “Ukiipenda tutaandikiana. Usipoipenda, rudisha.”

Akampa ufunguo, akarudi ndani ya ofisi yake bila kungoja swali.

Selpha alilizunguka lile gari akiwa amefunga mikono kifuani.

“Hii inabeba magunia mangapi?”

“Manane. Kumi nikiyapanga vizuri.”

“Lori linabeba arobaini.”

“Lori halibebi kitu, Mama Kageha. Lori limelala.”

“Mulei amesema atalitengeneza.”

“Mulei amekuwa akilitengeneza tangu vita viishe. Panda kwanza, uone.”

Selpha alipanda upande wa kushoto, akakaa. Papo hapo akainuka kwa nguvu, kichwa kikagonga paa. Akashuka akirudi nyuma, mkono mmoja umeshika kisogo.

“Kuna nini?” Boaz akauliza.

“Nimekalia mtu.”

“Umekalia nini?”

“Mapaja,” Selpha alisema kwa sauti ndogo. “Nimekalia mapaja ya mtu, Baba Kageha. Na yamesogea.”

Boaz alikasirika. Alimwambia kwamba mwanamke aliyezoea kukaa juu ya magunia hawezi kujua kiti kizuri kikoje. Alimwambia kiti hicho kilitengenezwa upya na seremala wa Mzungu, kwa mbao nzito na ngozi, na ndiyo sababu hakifanani na kile cha dereva. Alisema mengi. Selpha alikuwa akinusa hewa. Kutoka ndani ya gari kulikuwa kukitoka harufu ya udi na marashi, kama ile ya maduka ya Waswahili pale Majengo, na chini yake harufu nyingine ya maji ya chumvi yaliyotuama.

“Rudisha,” alisema, akaingia ndani.

Kesho yake Boaz alipakia magunia tisa na kuelekea Gatundu. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, na ile barabara nyekundu ilikuwa imegeuka uji. Landrova ilipanda. Mahali ambapo lori lilikuwa likilia na kurudi nyuma, yeye aliingiza gia ndogo, akasikia magurudumu manne yakiuma ardhi pamoja, akafika juu bila kushuka hata mara moja. Alicheka peke yake ndani ya gari. Kufikia kilima cha pili alikuwa ameshaamua. Lori liuzwe kama vyuma.

Ngendo, mama wa duka katika kijiji cha kwanza, alimletea chai. Alileta vikombe viwili.

“Huyu mama uliyekuja naye ana nini?” akauliza. “Nimemwamkia mara mbili, hajibu.”

“Mama gani?”

“Huyo aliyejifunika nguo nyeusi. Ananiangalia tu.” Ngendo akatazama gari, kisha akatazama chini. “Hapepesi macho, Boaz.”

Boaz aligeuka. Kiti cha kushoto kilikuwa kitupu. Lakini ngozi yake ilikuwa imebonyea katikati, na wakati akiangalia, ilijaa polepole hadi ikawa sawa, kana kwamba mtu amesogea ili asionekane.

Ngendo alimwaga chai ya kikombe cha pili kwenye majani. “Safari nyingine usiniletee unga na hiyo gari,” alisema. “Heri nikae bila unga.”

Alhamisi alasiri Boaz alipita Thika, kwa Mulei. Fundi huyo alikuwa Mkamba mwembamba mwenye maneno machache, na walikuwa wamefahamiana miaka yote minane. Siku hiyo Mulei alitoka chini ya lori, akaona ile Landrova inaingia langoni, akasimama mbele yake na spana mkononi.

“Isiingie hapa.”

“Mulei, ni mimi.”

“Wewe ingia. Gari ikae nje.”

Boaz aliizima barabarani, akaja kwa miguu akiwa na hasira. “Nimekuja kukuambia uache hilo lori. Nimepata gari.”

“Hiyo gari naijua. Dereva wake alikuwa Muasya, mtu wa kwetu. Siku hizi anafanya kazi kwa mashine ya katani, huku njia ya Ndarugu. Nenda umuulize kwa nini aliacha kazi kwa Mzungu.”

“Una wivu wewe. Unataka kula lori langu mpaka mwisho.”

Mulei alifuta mikono yake kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. “Lori litatembea Jumamosi,” alisema. “Ukitaka, utalichukua. Ukikataa, liache. Lakini sikia neno moja. Ikikuuliza kitu, usijibu.”

“Gari iniulize?”

“Usijibu, Boaz.”

Boaz alitema mate chini akaondoka. Hakupitia kwa Muasya.

Ilikuwa miaka ya hali ya hatari, ya vita vya Mau Mau, na kati ya Thika na Ruiru askari walikuwa wameweka kizuizi cha magogo barabarani. Kila gari lilisimama, kila mtu alionyesha karatasi zake, na jioni ikiingia hakuna aliyeruhusiwa kutembea. Boaz alifika hapo saa kumi na moja. Askari aliyemjia dirishani alikuwa akimjua kwa sura. Alizipokea karatasi zake, akaandika ndani ya daftari, akanyoosha mkono tena.

“Na za mwanamke.”

“Mwanamke yupi, bwana?”

Askari aliinamisha kichwa akaangalia ndani, upande wa kushoto. “Wewe mama, karatasi.” Akangoja. “Mama, nasema na wewe.” Akangoja tena, na uso wake ukabadilika. Alirudi nyuma hatua moja akaita wenzake wawili, wakaja na bunduki, wakazunguka gari, mmoja wao akafungua mlango wa kushoto kwa nguvu.

Hakukuwa na mtu.

“Umempeleka wapi?” askari wa kwanza aliuliza, na mdomo wa bunduki ukagusa shingo ya Boaz.

“Nilikuwa peke yangu.”

“Nimemwona. Alikuwa ananicheka. Umemficha mtu wa msituni, siyo?”

Walimlaza kifudifudi matopeni. Wakatoa kila kitu ndani ya gari, wakapekua chini ya turubai, wakachoma magunia matupu kwa ncha ya chuma, wakaingia hata kwenye shamba la kahawa lililokuwa kando ya barabara kumtafuta mwanamke ambaye hakuacha hata alama ya unyayo. Baada ya saa nzima walimwachilia kwa sababu giza lilikuwa linakuja na hata wao walitaka kuondoka hapo. Askari alimwonyesha daftari. Alikuwa ameandika *watu wawili*, na hakuyafuta.

“Ukipita hapa tena na yule mwanamke hana karatasi,” alisema, “nyumbani hutafika.”

Boaz hakumwambia mkewe. Alisema ameanguka.

Ijumaa alipeleka mzigo upande wa Githunguri, na aliporudi alasiri alimkuta jirani yao Wangeci amesimama mlangoni, amejifunga leso kiunoni kama mtu anayelinda nyumba ya msiba.

“Mke wako alitaka kufa saa sita,” Wangeci alisema. “Ingia umwone shingo.”

Selpha alikuwa amelala chali kitandani. Kwenye shingo yake kulikuwa na alama nne ndefu upande mmoja na moja fupi upande wa pili. Sauti yake ilitoka kwa taabu.

“Linakuja mchana kweupe,” alinong'ona. “Nilikuwa nachambua mboga. Nikasikia ile harufu, kisha likanikalia kifuani, na mlango uko wazi na watu wanapita njiani. Linasema nimekalia mahali pake. Linasema nisikae tena.”

“Ni homa.”

“Homa ina vidole?”

Boaz alimvutia blanketi hadi kidevuni, juu ya zile alama.

“Rudisha hiyo gari,” Selpha alisema. “Sikuombi kitu kingine.”

“Kesho ni Jumamosi. Kesho nitairudisha.”

Alikuwa akidanganya. Alikuwa na nia ya kwenda kwa dalali na kuandikiana. Akilini mwake bado alikuwa akipanda kile kilima cha Gatundu, akisikia magurudumu manne yakiuma ardhi.

Jumamosi, kabla ya saa sita, lilirudi. Boaz alikuwa nje akiosha kioo cha gari aliposikia kishindo ndani, na alipoingia alimkuta Selpha sakafuni, visigino vikipiga saruji, midomo imeanza kuwa ya bluu, na mikono yake miwili ikisukuma hewa juu ya kifua kana kwamba inasukuma gunia. Treni ya asubuhi ilikuwa imeshapita. Hospitali ilikuwa Thika. Gari lingine halikuwepo. Alimbeba, akampakia kiti cha kushoto, na alipofunga mlango Selpha akavuta pumzi moja ndefu, kama aliyeachiliwa kidogo ili safari iweze kuanza.

Boaz hakuthubutu kupita barabara kuu, kwenye kizuizi. Alikata kulia akaingia njia za mashamba, katikati ya kahawa na baadaye katikati ya katani, ambako mto Ndarugu ulivukwa chini, juu ya sakafu ya saruji iliyojengwa ndani ya maji. Siku za kiangazi maji hayo hayakufika kwenye kifundo cha mguu. Siku hiyo yalikuwa mekundu na ya haraka, yanabeba matawi, lakini alihesabu kwamba Landrova ingepita. Lori lisingepita, alijiambia. Hata wakati ule alikuwa bado akilinganisha.

Walipofika katikati ya mto injini ilizimika.

Haikukohoa kwanza. Ilinyamaza tu, na pamoja nayo ikanyamaza kelele ya mto, ingawa maji yalikuwa bado yanapita na Boaz aliyaona yakigonga milango, na katika ule unyamavu harufu ya udi ikajaa ndani ya gari hadi macho yake yakatoa machozi, na dirisha la upande wa Selpha likaingia ukungu kwa ndani, kama mtu anayehemea kioo kwa karibu sana, ingawa Selpha mwenyewe alikuwa ameegemeza kichwa nyuma na pumzi yake ilikuwa ndogo isiyoweza kutia ukungu hata kwenye kijiko.

Kisha sauti ikasema. Ilikuwa sauti ya mwanamke, ya upole, Kiswahili chake cha pwani, na ilitoka pale pale alipokaa Selpha, lakini mdomo wa Selpha ulikuwa umefungwa.

“Bwana, kiti hiki cha nani?”

Boaz aligeuza ufunguo. Hakuna kilichotokea.

“Tu watatu, na mahali ni pawili. Nambie, bwana. Kiti hiki cha nani?”

Selpha alifungua macho. Alikuwa akisikia. Alimwangalia mumewe, na kwa nguvu ndogo iliyokuwa imembakia akatikisa kichwa, polepole, usijibu, usijibu, na Boaz alimwona na alimwelewa, na maneno ya Mulei aliyakumbuka neno kwa neno, lakini maji yalikuwa sasa yameingia ndani na kufika kwenye magoti yake, na upande wa nyuma wa gari ulikuwa umeanza kuinuka na kusukumwa kuelekea ukingo wa saruji, ambapo mto uliangukia kwenye kina, na ile sauti ikauliza mara ya tatu, kwa upole ule ule, safari hii ikiwa karibu sana na sikio lake kiasi kwamba alihisi ubaridi wa mdomo, kiti hiki cha nani, na yeye Boaz, aliyepita Burma, aliyesema mbele ya kanisa kwamba hatamwacha mkewe, akafumba macho.

“Chako,” alisema. “Ni chako. Chukua.”

Mlango wa kushoto ulifunguka. Selpha alitoka kama gunia linalosukumwa kwa mguu, na mto ukamchukua. Injini ikawaka yenyewe kwa ngurumo. Gari likapanda ng'ambo ya pili bila kuteleza hata kidogo, likaendelea hatua ishirini, thelathini, na katika hatua hizo zote, na hili Boaz hakumwambia mtu yeyote baadaye, mguu wake haukutafuta breki.

Mulei ndiye aliyemwokoa Selpha. Asubuhi hiyo alikuwa amemaliza lori, na kwa kuwa Boaz hakutokea, moyo wake haukutulia. Alikuwa amepitia kwenye mashine ya katani, akamtoa Muasya kazini karibu kwa nguvu, na walikuwa wakielekea Ruiru kwa njia hiyo hiyo walipotokea kwenye kona na kuona mwanamke akitupwa mtoni. Selpha alikuwa ameshika mizizi ya mti chini ya ukingo. Mulei alijifunga kamba kiunoni, akafunga upande wa pili kwenye bampa la lori, akaingia majini hadi shingoni. Muasya aliendesha kurudi nyuma polepole, na lile lori kuukuu, likinguruma na kutoa moshi mweusi, likawavuta wote wawili mpaka nchi kavu.

Muasya alikuwa mtu mzima aliyejaa vumbi jeupe la katani hadi kwenye nyusi. Alimfunika Selpha kwa gunia, kisha akatembea hadi kwenye Landrova. Boaz alikuwa bado ameshika usukani. Hakuweza kushuka. Kitu kizito kilikuwa kimemlalia bega la kushoto.

“Umejibu,” Muasya alisema. Hakuwa akiuliza.

“Nisaidie.”

“Sitaki kukusaidia. Nimeona kilichotoka kwenye hiyo mlango.” Alitema mate kando. “Lakini ukienda nayo hivyo, litarudi kumaliza yule mama. Sikiliza, sitasema mara mbili. Tulikuwa tunapima barabara kule pwani, nyuma ya Malindi. Kulikuwa na mti juu ya pango, watu wanaweka hapo marashi na halua. Mzungu akaukata. Mbao yake ikawa hiki kiti. Jini haikuingia kwa gari yako, wewe. Nyumba yake ndiyo iliingizwa hapa. Ikamuuliza Mzungu swali kama hili. Yeye alijibu, na mke wake akazikwa Machakos. Mimi iliponiuliza nilinyamaza mpaka Mombasa, na siku hiyo hiyo nikaacha kazi. Kabla sijaacha, mama mmoja wa pale pango aliniambia dawa, nikamwambia Mzungu, Mzungu akacheka.”

“Dawa gani?”

“Aliyetoa kiti ndiye akiondoe. Kwa mkono wake, jua likiwa juu. Kisha kiende na maji ya kufika kwao. Ndarugu inaingia Athi, na Athi inashuka mpaka bahari ya Malindi. Neno lako liwe moja tu, *toka*. Ukisema lingine, mimi naenda zangu.”

Mulei, akiwa amelowa, alimrushia spana kupitia dirishani. Hakumwangalia usoni.

Boaz aliinamia kiti. Kilishikwa kwa nati nne. Ya kwanza ilipozunguka, chuma chake kikawa moto, ngozi ya kiganja ikabaki pale. “Toka,” alisema. Ile sauti haikuwa na upole tena. Ilimwambia ndani ya fuvu lake kwamba imempandisha vilima vyote, na kwamba bila yeye angekuwa mtu wa kusukuma lori matopeni mpaka meno yamtoke. Nati ya pili. “Toka.” Ikamwambia itakaa machoni mwake, itakunywa usingizi wake, itakwenda Maragoli kwa miguu na kuuliza shule ya Kageha iko wapi. Spana ikamponyoka, akaipapasa ndani ya maji ya sakafuni, akaishika. Nati ya tatu. “Toka.” Kitu kikaushika mkono wake wa kushoto na kuubana dhidi ya fremu, vidole viwili vikavunjika kwa mlio kama wa vijiti vikavu, naye akalia kwa sauti kubwa lakini hakuongeza neno, na kwa mkono mmoja uliobaki, huku akisikia meno baridi yakipita taratibu nyuma ya shingo yake kama yanayotafuta mahali pazuri, akaizungusha nati ya nne hadi ikadondoka.

Akakibeba kiti kifuani. Kilikuwa kizito kama mtu mzima, na kilikuwa kikihema. Alitembea nacho hadi ukingoni, akakitupa.

Hakikuzama wala hakikuelea. Kilisimama katikati ya mto, maji yakigawanyika pande zote mbili, kama mtu aliyekaa akiwatazama wao wanne mmoja baada ya mwingine. Hakuna aliyesogea. Kisha kikageuka taratibu kuelekea kule maji yanakokwenda, kikaondoka, na kila mahali kilipopita mto ulilala bapa kama shuka iliyopigwa pasi. Kilipopotea kwenye kona, kelele ya maji ikarudi yote kwa mara moja. Harufu iliyobaki hewani ilikuwa ya katani na matope.

Hospitalini Thika Selpha alilazwa siku nne. Alama za shingoni zilififia. Boaz alirudisha Landrova kwa dalali bila kiti. Dalali aliangalia lile pengo upande wa kushoto, akaangalia mkono uliofungwa bandeji, akapokea ufunguo bila kuuliza chochote. Lori lilikuwa likitembea vizuri kuliko lilivyotembea kwa miaka mitano.

Selpha aliporuhusiwa alikwenda nyumbani, akapika, akafua, akakunja nguo zake. Hakuligusa jambo lile, na Boaz alianza kuamini kwamba limepita. Jumamosi iliyofuata asubuhi alimkuta amesimama kwenye stesheni ya Ruiru na sanduku lake la bati. Wangeci ndiye aliyemwambia mahali pa kumtafuta.

“Unaenda kumwona Kageha?” Boaz aliuliza.

“Naenda kukaa naye.”

“Mpaka lini?”

Reli ilikuwa imeanza kutetemeka.

“Lori liko sawa sasa,” Boaz alisema. “Nilikosea kuhusu ile gari, nakubali. Nitakuwa nabeba magunia arobaini tena. Hakuna kitu nyumbani, nimekagua. Muasya mwenyewe amesema limeenda.”

“Najua limeenda.”

“Basi ni nini? Lile lilikuwa jini, Mama Kageha. Sikuwa mimi.”

Treni ilikuwa imefika. Selpha aliinua sanduku lake kabla Boaz hajanyoosha mkono, akapanda ngazi mbili, kisha akageuka. Alimwangalia bila hasira, kama unavyomwangalia mtu ambaye mara moja, kwa bahati mbaya, umemwona akiwa uchi.

“Jini liliuliza tu, Boaz,” alisema. “Aliyejibu ni wewe.”

Akaingia ndani kutafuta mahali pa kukaa.